Rafiki Aliyeacha Kula Kwangu

Niliolewa Matiliku nikitoka Migwani, na kwa watu wa Matiliku ilikuwa afadhali ningetoka jela. Sisi sote ni Wakamba, lugha yetu ni moja na chakula chetu cha muthokoi ni kimoja, lakini ukifika upande wa Makueni ukasema umezaliwa Kitui, mtu anakuangalia mikono kwanza kabla ya kukusalimia. Kwa mawazo yao, kila nyumba ya Kitui ina pembe ya dawa ya kulogea iliyofichwa kwenye paa. Mama mkwe wangu alinipokea vizuri, sina neno naye. Majirani nao walikuja kunitazama, nikawapikia ndengu na chapati, na kumbe kila mmoja alikuwa ametoka kula kwake. Hakuna aliyekuwa na njaa. Kijiji kizima kilikuwa kimeshiba siku moja, na huo ulikuwa mwaka ambao mvua haikuwa ya maana.

Mmoja tu ndiye aliyekula. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya kijito kinachotenganisha shamba letu na lao, mwanamke mrefu mwenye mwanya aliokuwa akijivunia sana. Alifika amechelewa, akauliza mbona chakula kinapoa, akajipakulia mwenyewe na kula akiwa amesimama mlangoni. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Huyu mtu ya Kitui anajua kupika. Kama ni dawa ameweka, aniongezee."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Nilikuwa msichana mdogo, mbali na kwetu, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba mwezi hautaisha nikiwa pale. Sasa nimezeeka pale pale.

Tangu siku hiyo hatukuachana. Hiyo ilikuwa miaka ya sitini ikianza, na tulikuwa na umri wa kuweza kuteka maji mbali na bado tukabaki na nguvu ya kusengenya. Kiangazi kikishika, mto wetu huwa ni mchanga mtupu, na maji unayafukua chini ya mchanga kwa kibuyu, unangoja yajae kidogo kidogo. Wengine walichukia kule kungoja. Sisi tuliona yanajaa haraka mno. Yeye alizaa wavulana, mimi nikazaa wasichana, na kila mmoja akamwonea mwenzake wivu hadharani bila kuficha. Nikimtuma mtoto kwake kuomba chumvi, alirudi amekula, ameoga, amenyolewa.

Kazi iliyotuunganisha zaidi ilikuwa ya vyondo, vikapu vya mkonge. Miaka ya sabini vyondo vilipata soko, na mwanamke yeyote wa Ukambani aliyekuwa na mikono miwili alikuwa akisuka. Kusuka kwenyewe unaweza kufanya ukitembea, hata ukiwa na kuni mgongoni. Kusokota nyuzi ndiko kunakotaka kukaa chini. Unachukua nyuzi za mkonge, unapandisha leso mpaka juu ya goti, unapaka paja majivu kidogo, halafu unazisokota juu ya ngozi kwa kiganja, mbele na nyuma, mpaka zishikane ziwe uzi mmoja. Paja la msokotaji huwa na alama yake, limekuwa laini na halina hata unywele. Tulikuwa tukikaa kwenye kivuli cha ghala lake, mapaja nje, majivu kila mahali, tukicheka wanaume wetu. Mwanamume akitokea njiani tunashusha leso. Akipita tunapandisha.

Basi mwanzoni mwa miaka ya themanini, mara tu baada ya mavuno ya mbaazi, nilikwenda kwake na fungu langu la mkonge kama kawaida. Nikakaa, nikapandisha leso, nikaanza. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, si chini kwenye ngozi karibu nami, na leso yake ilikuwa imemfunika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mikononi alikuwa na kiondo kilichofika nusu.

"Husokoti leo?" nikamwuliza.

"Nitasokota kesho, mwaitu."

Niliacha kusokota. Mwaitu ni neno zuri. Ndilo tunalomwita mama, na ndilo tunalomwita mwanamke tunayemheshimu, mke wa mchungaji, mke wa chifu, mgeni. Lakini huyu alikuwa hajawahi kuniita hivyo tangu tujuane. Mimi nilikuwa "mtu ya Kitui", au "wewe", au akiwa na hasira, "kichwa ya ng'ombe". Nikadhani ananitania kwa njia mpya. Nikamjibu kwa utani, naye akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu aliye kanisani.

Nilipoondoka nilishusha leso yangu bila kuambiwa. Kukaa paja nje mbele ya mtu aliyejifunika ni aibu, hata kama ni rafiki yako.

Wiki zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Nikimkaribisha kwangu, alikuja, akakaa karibu na mlango, akauliza habari za mume wangu, za mbuzi, za mvua. Nikimpakulia, alishika tumbo. "Nimeshiba, mwaitu. Asante." Mara ya kwanza niliamini. Mara ya pili nilimwekea mbele uji wa mtama anaoupenda, ule aliowahi kuunywa ukiwa wa moto mpaka ukamchoma ulimi, na akautazama tu. Nilimwona akimeza mate. Mate alimeza, uji akauacha.

Kuna jambo lililokuwa limetokea kabla ya hapo, na ndilo lililoanza kunisumbua. Alikuwa na ndama mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na siku moja nikipita nyuma ya ua wake nilimsifu ndama yule kwa sauti, nikasema huyu ni ng'ombe. Juma hilo hilo ndama akafa. Sikulifikiria wakati ule. Ndama hufa. Lakini rafiki yako akiacha kula chakula chako, unarudi nyuma kutafuta, na mimi niliporudi nyuma nilikutana na ndama amelala njiani.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwuliza waziwazi, tukiwa kisimani, "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwaitu. Wewe ni mtu mzuri." Akajitwika mtungi wake na kuondoka kabla yangu, jambo ambalo hatukuwa tukifanya.

Wewe ni mtu mzuri! Ni maneno ya kumwambia mtu unayemwogopa. Ningefurahi zaidi angeniita kichwa ya ng'ombe.

Nikajaribu njia nyingine. Nikampelekea malenge kubwa, nikitumia mtoto. Kesho yake akaniletea kuku, mwenyewe, amevaa viatu. Kuku kwa malenge! Na viatu, kuvuka kijito tu! Nikajaribu kumnunia, nikapita kwake bila kusalimu, naye akatoka nje kunisalimia kwa mikono yote miwili. Nilimweleza mume wangu. Akasema wanawake wana mambo mengi, akaongeza sauti ya redio. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa akifundisha chekechea sokoni na kuja nyumbani mwisho wa juma, alinisikia nikilalamika akatoka nje kufagia. Niliona tu kwamba siku hizo akienda sokoni alizunguka njia ya juu, ile ndefu, ili asipite karibu na nyumba ya rafiki yangu. Moyo ulinitulia kidogo. Nikasema, angalau mtoto wangu yuko upande wangu.

Niliumia, sitaki kusema vingine. Mume akikununia, unajua siku moja atataka chakula. Rafiki hana sababu yoyote ya kurudi. Usiku ulikuwa wa kulala na mchana wa kufanya kazi, na mimi katikati ya yote mawili nilikuwa nikisema naye kichwani, nikimjibu maneno ambayo hakuwa amesema.

Wakati huo tulikuwa na mwethya, kundi la wanawake wa kijiji wanaolimiana mashamba kwa zamu. Kazi kubwa ilikuwa kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo unautupa upande wa juu wa mlima ili maji ya mvua yasiondoke na shamba. Mnachimba wawili wawili, mmoja anapiga sururu, mwingine anatupa udongo. Miaka yote mimi na yeye tulikuwa jozi moja. Sasa alikuwa amehamia mwisho wa mstari, akachimba na mwanamke kiziwi ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu alitupa udongo machoni. Watu waliona. Wanawake wa mwethya huona hata mimba kabla ya mwenye mimba. Mmoja wao, mwenye ulimi ambao ungeweza kuchimba mtaro peke yake, alisema nikiwa nasikia, "Hata yule alikuwa anakula kwake ameacha. Sasa nani atakula?"

Zamu iliyofuata ilikuwa ya shamba langu. Na mwenye shamba ndiye anayepika.

Sasa fikiria hali yangu. Nilikuwa nimekaa Matiliku miaka na miaka, nimezaa hapo, nimezika mama mkwe hapo, na ile habari ya Kitui ilikuwa imesahaulika, au nilidhani hivyo. Kumbe ilikuwa imelala tu. Kama wanawake wale wangefika shambani kwangu, wakachimba, halafu wote wakashiba siku moja kama zamani, basi ningekuwa mchawi mpaka kufa, na wasichana wangu wangekuwa mabinti wa mchawi. Hakuna mtu angeleta mbuzi nyumbani kwangu kuomba mke. Yote haya yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Akila, watakula. Asipokula, nimekwisha.

Nilipika muthokoi kuliko nilivyowahi kupika. Nilikoboa mahindi mwenyewe kwenye kinu, nikachanganya na mbaazi mbichi, nikakaanga kwa vitunguu na mafuta ya kutosha mpaka mbwa wa jirani wakaja kukaa getini. Wanawake walichimba vizuri asubuhi ile. Jua lilipopanda waliweka sururu chini, wakanawa, wakakaa kwenye kivuli cha nyumba. Niligawa sahani moja moja. Walizishika magotini. Mwenye ulimi aliinusa yake na kuiweka. Wote, bila hata mmoja kukosa, waligeuza macho kumtazama rafiki yangu.

Alikuwa ameishika sahani yake kwa mikono miwili. Alinitazama, halafu akaangalia chini. Kisha akasimama, na sahani yake, akazunguka nyuma ya ghala, akapotea.

Nilisikia kuku wakichakura. Nilijua amekwenda kumwaga chakula changu kwa kuku, na kwamba sasa yamekwisha. Nikachukua mwiko, sijui wa nini, nikamfuata.

Nilimkuta amechutama karibu na ukuta wa ghala, sahani kwenye magoti, anakula. Hakuwa anaonja. Alikuwa anakula kwa haraka, mashavu yamejaa, kama mtu aliyekaa na njaa ya miezi. Aliponiona alijifunika mdomo kwa leso na kugeukia ukuta.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

Ilibidi ningoje ameze. "Nakula."

"Naona unakula. Mbona unakula chakula yangu umejificha kama umeiiba?"

"Enda huko mbele, nimalize."

"Siendi. Hao watu wameshika sahani na hakuna anakula. Wanangoja kuona kama utakufa. Kama unafikiri ni mimi niliua ndama yako, sema leo, tena sema hapa."

Aligeuka polepole. "Ndama gani?"

"Ile nyekundu. Niliisifu, ikakufa, ukaacha kukula kwangu."

"Ile ndama ilikula mtama changa ikafura tumbo. Hata mtoto anajua." Alinikazia macho. "Ni nani amesema wewe uliua ndama?"

"Wewe. Umesema na hiyo mdomo yako ya kufunga."

Ndipo ilipomwingia. Niliona ikimwingia, kwamba kijiji kilikuwa kinasema nini, na mimi nilikuwa nikilala na nini. Alianza kucheka, akashika ukuta ili asianguke. "Wewe mchawi? Wewe, panya zinamaliza mahindi yako kila mwaka hapa kwa ghala, na hujaweza kuloga hata panya?"

Ulikuwa utani wa kwanza baada ya miezi mingi. Nikachutama karibu naye.

"Sasa ni nini?" nikasema. "Kama si hiyo, ni nini?"

Alifuta sahani kwa kidole. "Kijana yangu wa pili anataka msichana yako mkubwa."

"Anamtaka aje?"

"Vile watu wanatakana. Na yeye anamtaka. Wazee wa kwetu hawajasema kitu, kwa hivyo mimi sijasema kitu, na wewe hujasikia kitu."

Hapo nilielewa yote kwa mara moja, leso, kigoda, viatu, ule uji. Kwetu wazazi wa mvulana na wazazi wa msichana huitana muthoni, na muthoni hachezewi. Humtanii. Hukai mbele yake ovyo ukionyesha mapaja. Hutafuni mbele yake, hasa mama na mama wakiwa wa kizamani, na rafiki yangu alilelewa na nyanya ambaye hakuwahi kuonekana akila mpaka alipokufa. Ni heshima, na ni heshima ya maisha, haina likizo. Inaanza siku mvulana anapoleta mbuzi wa ntheo kwa akina msichana, kwa sababu mbuzi hao wakishaingia na kuchinjwa, msichana ni mke. Kabla ya hapo hakuna anayetakiwa kusema. Mama wa mvulana akitangulia kumwambia mama wa msichana, ameharibu, amechukua kazi ya wanaume, na mambo yakivunjika ni yeye atakayelaumiwa.

"Mbuzi hawajaletwa," nikamwambia. "Mbona ulianza mapema?"

"Nizoee. Nikingoja mpaka siku ya mbuzi, nitaweza aje siku moja? Nilisema nianze pole pole." Alifunga macho. "Nilifikiri kwako itakuwa pole pole pia. Sikujua ya ndama."

"Na hukufikiri kukataza?"

"Nilimkataza! Tangu mwaka jana namkataza. Nilimwambia wasichana wamejaa Ukambani yote, Nzaui wako, Kilungu wako, mbona huyu? Akaniuliza, mama, huyu ana ubaya gani? Nikamwambia hana ubaya. Ana mama."

Alikuwa ameanza kulia bila sauti, na mimi pia.

"Ukikataa," akasema, "sitakulaumu. Baba ya msichana atakusikiza wewe. Sema tu hapana, mimi nitakuja kesho na mkonge yangu."

Kutoka mbele ya nyumba mtu aliita, akiuliza kama tumekufa wote wawili. Rafiki yangu alijifuta uso, akasimama. Nilidhani atapitia nyuma aende kwake. Badala yake alirudi mbele, akapita katikati ya wanawake wote, akakaa chini, miguu mbele, kama alivyokuwa akikaa zamani, akaninyooshea sahani tupu.

"Mtu ya Kitui, niongeze. Na hiyo ya chini, iliyoshika sufuria."

Nikamwongezea. Akala mbele yangu na mbele yao, akitafuna mdomo wazi kwa makusudi, akimwuliza mwenye ulimi kama sahani yake ina miiba. Mmoja akaanza kula, halafu mwingine, halafu sufuria ikakwanguliwa mpaka nikaona aibu kwamba sikupika zaidi. Mimi nilisimama na mwiko wangu, nikimtazama. Nilijua anachokifanya na wengine hawakujua. Alikuwa anavunja heshima aliyojifundisha kwa miezi, mbele ya mtu anayekaribia kuwa muthoni wake, ili nisiitwe mchawi. Sijapewa kitu kikubwa kuliko hicho na mtu ambaye hakunizaa.

Jumamosi nilikwenda mtoni kufua na binti yangu. Nilimwuliza kama ni kweli. Aliendelea kusugua kola ile ile ya shati la baba yake, ambayo ilikuwa imekwisha kutakata.

"Mama, ukisema hapana, nitaacha," akasema bila kuinua macho.

Kama angebisha ningemshinda. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba kijana yule ana kiburi, kwamba naye ni mwalimu na ualimu hauna pesa, na neno hapana lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Ningelisema na kesho yake ningekuwa nimekaa kwenye kivuli cha ghala, leso juu ya goti. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa bado anasugua kola ile ile. Nikamwambia amalize kufua, sabuni inaisha. Akanielewa, akaanza kulia na kucheka pamoja, akanirushia maji.

Mbuzi waliletwa mvua ilipokwisha. Wanaume walikaa chini ya turubai, wakasema maneno yao marefu ambayo kila mtu alijua mwisho wake. Wanawake wa upande wao waliingizwa ndani, na rafiki yangu alikuwa katikati yao, amevaa leso mpya, amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Alinisalimu kwa mikono miwili, akiinama kidogo. Nilimsalimu vivyo hivyo. Nyama ilipoiva, upande wao walipelekewa yao chumba kingine, mlango ukafungwa, kama inavyotakiwa. Wifi zangu walisema wakwe hawa wana adabu sana. Nilikubali kwamba wana adabu.

Nina wajukuu sasa kwa ajili ya siku ile, na wana mwanya wa nyanya yao wa ng'ambo ya kijito. Kijana yule hana kiburi, nilimsingizia. Sina malalamiko. Tena nikiulizwa leo, jibu langu kule mtoni lingekuwa lile lile. Lakini nisimdanganye mtu: nilijua nalipa kwa kitu gani, na ile siku ya mbuzi ndiyo siku niliyolipa.

Jioni wageni walipoaga niliwasindikiza. Mimi na yeye, tangu ujana, hatukuwa tunajua kusindikizana kidogo. Nilikuwa nikimtoa nyumbani mpaka kijitoni, halafu tunavuka kwa sababu maneno hayajaisha, nafika kwake, anageuka kunirudisha, tunavuka tena, na mara nyingi jua lilituacha katikati ya mawe, hakuna aliyefika kwake. Muthoni husindikizwa mpaka getini. Ukipita hapo watu watauliza unamfuata nini.

Nilisimama getini. Aliniambia, "Ubaki salama, mwaitu," nami nikamwambia, "Mfike salama, mwaitu," ikawa sauti yangu mwenyewe inayosema hivyo. Akashuka na wenzake. Walipofika kijitoni wenzake walivuka, yeye akabaki upande wetu, akanipa mgongo, akasimama kitambo kirefu akichezea pindo la leso yake. Hakugeuka. Nilimngoja ageuke, na nilimwomba Mungu asigeuke, kwa sababu angegeuka ningemkimbilia. Kisha akapandisha leso kidogo ili isilowe, akavuka.